Iache Ikunywe Baridi

Darubini yangu ilikuwa bora kuliko yake. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa La Rochelle na Turffontein, mitaa ya Johannesburg, tuliokuwa nao miaka ile hawatalisema, na wengine wamesahau hata kwamba nilikuwa na darubini. Yangu ilikuwa mpya. Ilikuwa na mota mbili na kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Ukiiandikia jina la sayari, tuseme Zohali, inaguna kidogo, inageuka yenyewe mpaka inamkuta Zohali. Yake ilikuwa bomba refu jeupe lililobonyea ubavuni, alilonunua kwa Mzungu mmoja mstaafu aliyekuwa anahama, na stendi yake ilisukumwa kwa mkono kama mlango. Uzito wa kusawazisha lile bomba ulikuwa umepotea, naye akafunga mahali pake gurudumu la cherehani.

Mimi ni fundi wa majokofu, na si wa kuokoteza. Nina diploma ya majokofu na viyoyozi niliyoisomea Johannesburg jioni baada ya kazi, na cheti chake kiko ukutani hapa Kigoma ninapoandika haya, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, yenye umeme hata mji ukiwa gizani. Niliondoka na begi moja, nimerudi na karakana nzima kwenye kontena. Baridi nimeisomea. Najua inatengenezwaje, inapitishwa wapi, na inatorokea wapi mlango usipofungwa vizuri. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema kwamba mtu aliyesifiwa miongoni mwetu sote tunaoongea Kiswahili kule kusini mwa Johannesburg kuwa ndiye anayeijua baridi hakupaswa kuwa mwalimu wa kwaya.

Maana ndivyo alivyokuwa: mwalimu wa kwaya wa kanisa la Wakongomani pale La Rochelle, mtu wa Uvira, na mchana mlinzi kwenye yadi ya magari ya mitumba. Jina lake halina maana hapa. Hakuna aliyelitumia. Watoto, wasusi, washonaji, Warundi waliokuja kusikiliza tu, wote walimwita Mwalimu. Mimi aliniita Injinyeri, kwa ile lafudhi yao ya Kifaransa, na sikuwahi kujua kama ni heshima au utani.

Alikuwa na koti. Ningeweza kukisahau kila kitu chake lakini si lile koti, zito, la kijani kibichi, refu mpaka magotini, lenye kola ya manyoya. Alilivaa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kanisani na yadini na kwenye darubini, na akipita Turffontein watu walimpisha kama jenerali. Nami nilinunua koti zuri kuliko lile, jipya, lenye zipu mbili. Msusi mmoja wa Joubert Park aliyeimba sauti ya kwanza, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, aliniangalia nilipoingia nalo mazoezini akasema, "Eish, Injinyeri, leo umevaa godoro." Kwaya nzima ikacheka, sauti nne.

Mtu asiyeishi kule hawezi kujua baridi ya Johannesburg. Mchana jua linawaka, unaweza kuvua sweta. Jua likishazama tu, kabla hata hujafika robot ya kwanza, taa za barabarani, ukitoka kazini, hewa inakuwa kisu. Nyumba hazina dari ya maana wala joto. Asubuhi majani yana sakitu nyeupe, umande ulioganda, ukiyakanyaga yanalia kama karatasi. Lakini msimu huohuo ndio mbingu inakuwa safi, bila wingu, na ule mto mkubwa wa nyota unapita juu ya kichwa. Atakaye kuona vizuri lazima apigwe baridi. Hilo halikwepeki, na ndilo alilojengea ufalme wake.

Jumamosi, mazoezi yalipokwisha na giza la mapema la mwezi wa saba lilipoingia, aliitoa darubini nyuma ya vyumba vya kupanga alikoishi, akaisimamisha uani, akaifungua kifuniko, halafu hakufanya kitu. Alikaa. Watu walikaa naye kwenye makreti ya soda. Mgeni akijaribu kusogeza jicho, alimzuia kwa mkono, kama anavyowazuia waimbaji wa sauti ya tatu wasiingie kabla ya wakati.

"Iache ikunywe baridi kwanza."

Sisi watu wa Kigoma tungesema inywe. Yeye alisema ikunywe, kama wanavyosema kwao, na neno lilienea kama mafua. Maana yake ni jambo ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angelijua: kioo kilichotoka ndani ya nyumba kina joto, hewa ya nje ina baridi, na joto likitoka kwenye kioo hewa iliyo ndani ya bomba inatetemeka, picha inachemka. Vikishalingana joto, picha inatulia. Ndiyo hayo tu. Mimi nililieleza hivyo jioni moja, kwa ufasaha na kwa mchoro, kwenye ukuta kwa chaki. Watu wakaitikia kwa kichwa kwa adabu. Kisha mtoto mmoja akauliza ni kitu gani kile nilichochora, na nusu ya watu wakamjibu kwa pamoja, "Inakunywa baridi!"

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa chuki ya bure.

Nilimleta mama Johannesburg mwaka 2016, baba alipofariki. Nilimweka Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kwenye chumba chenye hita mbili. Nilimnunulia blanketi la umeme na viatu vyenye manyoya ndani. Nilichotaka kutoka kwake kilikuwa neno moja. Kwetu mtoto hasifiwi usoni. Wazee wanasema atalewa sifa, hilo nalijua. Lakini mtu aliyetoka na begi moja akapata diploma anaweza kutegemea kwamba siku moja, hata kwa bahati mbaya, mama yake atateleza ulimi aseme, umefanya vizuri, mwanangu. Mama hakuteleza. Nilimpa kile cheti, akakishika kwa ncha za vidole, akakigeuza aone kama nyuma kuna kitu, akanirudishia.

"Wewe mtoto," akasema, "umevaa soksi?"

Na mama huyohuyo, jioni ya kwanza alipoinama kwenye lile bomba lililobonyea akauona mwezi na mashimo yake, aliinua uso, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ahsante, Mwalimu. Umefanya vizuri sana."

Nilikuwa nimesimama palepale. Nilikuwa nimemshikia mkoba.

Ndipo niliponunua darubini yangu. Wengine walisema nimeinunua kwa ajili ya sayansi, na sikuwapinga.

Jioni niliyoitoa mara ya kwanza nilimwalika mama peke yake, kwenye ua wangu mwenyewe. Nikamwekea kiti. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali, nikawasha imbawula, lile debe lililotobolewa ambalo walinzi wote wa Johannesburg huota moto wake, nikaiweka karibu na miguu yake. Darubini ilitoka kwenye chumba chake cha joto ikiwa imefunikwa blanketi, maana kitu cha thamani hakiachwi kipigwe. Mota zikaguna, ikamkuta Zohali bila mimi kugusa kitu. Nikamwambia, "Mama, tazama."

Akatazama kwa muda.

"Naona uji," akasema.

"Uji?"

"Uji unaochemka. Una kipande cha kitu ndani." Akainua uso. "Mbona ya Mwalimu haichemki?"

Nilijua kwa nini. Moto wa imbawula, bomba lenye joto, blanketi. Ningeweza kulieleza kwa hesabu. Lakini niambieni, ningemwacha mama yangu, mjane, apigwe baridi ya nyanda za juu za Highveld ili kioo kistarehe? Mtu mwenye mama atanielewa. Mwalimu wa kwaya hakuwa na mama tena, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwake. Alimkalisha mama yangu kwenye ubaridi bila moto wowote, akampa kiti chake mwenyewe, kile chenye mgongo, akamwambia, "Mama, muikale hapa. Na nyie mukunywe kidogo." Na mama akakaa. Mama asiyelala bila hita mbili alikaa nje, amejifunika kitenge juu ya sweta, akiongea na yule mtu kwa sauti ya chini mpaka bomba lilipokuwa tayari. Walikuwa wanaongea nini, sikujua. Nikisogea wananyamaza, au mama ananiuliza kama nimekula.

Mambo hayo yalipoingia mwezi wake wa pili, mama alikuwa akinisubiri nimmiminie chai kikombeni, akasema, "Iache ikunywe kidogo." Mama yangu, mtu wa Kigoma kwa baba na mama, alisema ikunywe. Niliweka birika chini, nikatoka nje.

Sitaki mtu afikiri kwamba Mwalimu alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Majina ya nyota nyingi hakuyajua, na badala ya kunyamaza aliyatunga: nyota nyekundu moja aliiita Sauti ya Nne, nyingine aliiita Shemasi kwa sababu alisema inachelewa kila wakati. Nilimsahihisha hadharani, nikataja jina lenyewe, na wiki iliyofuata watoto wakanionyesha Shemasi. Alihubiri uvumilivu, lakini mwimbaji akikosea noti mara mbili alirusha rula. Alisema mota ni uvivu, na huku yeye mwenyewe hakupanda ngazi ya kanisa bila mtu wa kumbebea mkoba. Kuliko wote alilia baridi. Alivaa suruali mbili, soksi tatu, na kila alipokaa uani alilalamika kwa Kiswahili, Kifaransa na Kifulero mpaka tukamhurumia. Umeme ulipokatika kwa mgao, mtaa wote ukilaani, yeye alitoka nje akishukuru Mungu kwa giza, na mimi niliyekuwa nakimbia kuokoa nyama za watu kwenye vyumba vya baridi, mimi niliyehitajika kweli, sikuonekana.

Na utaratibu wake wa zamu. Hakuwa na saa. Kila mtu alipewa ubeti mmoja. Anayechungulia akiinama, kwaya iliyobaki kwenye makreti inaimba ubeti, polepole, kwa sauti ya chini ili wenye nyumba wasilalamike. Ukiisha, unainuka, hata kama ndio kwanza jicho limezoea. Nilisema ni upuuzi, kwamba saa ipo. Lakini nilikuwa najua, kama kila aliyewahi kuinama pale, kwamba ukiangalia mwezi huku watu wa Uvira wanakuimbia nyuma ya mgongo, mwezi unaongezeka kitu. Darubini yangu haikuwa na hilo. Niliwahi kujaribu kuweka redio.

Mama yangu alipewa beti tatu. Kila mara. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka 2018 katikati ya baridi, kanisa moja la huko milimani, upande wa mpaka wa Lesotho, liliialika kwaya. Mama alitaka kwenda. Nilisema hapana, kule kuna theluji. Akasema, "Mwalimu anakwenda na bomba lake." Basi nikaenda na mimi, na darubini yangu kwenye sanduku lake, na begi langu la kazi kwa sababu fundi haachi begi.

Ile haikuwa baridi ya Johannesburg. Ile ilikuwa baridi ya chumba cha kugandisha nyama, nami nimeingia vyumba vingi kuliko wao wote. Ndoo ya maji iliyoachwa nje ilishika ngozi ya barafu kabla hatujamaliza kula ugali wa jioni. Vyuma viliuma vidole. Watu walitoka kanisani wakiwa wamejipaka mafuta ya mgando usoni, mashavu yanang'aa kama birika, kwa sababu upepo wa kule unapasua ngozi. Nyota, sitazipamba, zilikuwa nyingi mpaka mtu anaona aibu.

Niliitoa yangu kwanza. Sikuwasha moto; nilikuwa nimekwisha kujifunza kwa njia yangu. Iliguna, ikageuka nusu, ikasimama. Herufi kwenye kile kioo cha kompyuta zikaanza kutembea kama siafu waliochoka, kisha zikafutika. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Ni tabia ya betri, si tabia ya fundi.

"Injinyeri," Mwalimu akaniita kutoka gizani, "mashine imelala?"

"Imechoka na safari."

"Uiimbie," akasema yule msusi wa Joubert Park.

Lakini yake pia haikwenda. Alisukuma bomba, halikutikisika. Ile sehemu ya stendi inayogeuka yeye aliiita shingo, na shingo ilikuwa imekakamaa kabisa. Akasukuma kwa bega. Gurudumu la cherehani likalia kidogo, likanyamaza. Nikasogea na tochi, nikanusa, nikajua.

"Mwalimu, umeipaka nini hii shingo?"

Akafuta shavu lake linalong'aa kwa mkono wa koti.

"Nani alikuambia upake mafuta ya mgando?"

"Inalainisha," akasema. "Uso yangu inalainika."

"Uso wako hauna gia."

Hapo watu walicheka, na safari hii walicheka kwa upande wangu. Nakumbuka kila sauti. Mafuta ya mgando kwenye baridi ile yalikuwa yamekuwa mshumaa. Nilifungua begi langu. Nilikuwa na grisi ya feni za vyumba vya baridi, ile isiyoganda hata pale nyama inapogeuka jiwe, grisi ambayo mtu asiyesoma hajui kwamba ipo. Niliifungua shingo bolti kwa bolti, vidole vinanata kwenye chuma, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaipaka, nikaifunga. Nilipoisukuma kwa kidole kimoja ilizunguka kama shingo ya twiga.

Alijaribu. Akasukuma kushoto, akasukuma kulia. "Sasa iko sharp," akasema. Kisha akageukia watu akainua mikono miwili kama mbele ya kwaya. "Mukuye! Darubini iko tayari. Wote mupanguse mafuta kwa macho. Na mtu asipumue pale juu ya kioo, inapata ukungu. Mushike pumzi, kama mbele ya Amina."

Darubini iko tayari. Hakusema nani ameitayarisha. Nilisimama kando nikifuta mikono, na nilikuwa bado nafuta pale mama yangu alipoongozwa mbele, wa kwanza, wakambeba kwa viwiko kama bibi harusi. Akapangusa uso kwa kitenge. Akashika pumzi. Kwaya ikaanza ubeti.

Alikaa muda mrefu. Wakamaliza ubeti wa pili.

"Yule ana ngata," mama akasema bila kuinuka.

"Nini, mama?" akauliza Mwalimu.

"Ngata, ya kubebea ndoo. Amejiviringia ngata kichwani." Alikuwa anamwona Zohali na pete yake. "Lakini hana mzigo. Jamani, ameutua wapi?"

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti wa tatu, watu wakacheka mpaka wakakohoa, na Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini kwenye ile baridi na koti lake lote. Kuanzia hapo, kila Jumamosi La Rochelle, alipomwonyesha mtu Zohali alisema, "Huyu ana ngata na hana mzigo." Wageni walimsifu kwa maneno mazuri. Yalikuwa ya mama yangu. Na alimwambia yeye, hakuniambia mimi.

Usiku ule mama alipoinuka alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, Mwalimu." Kisha, nakumbuka, aliweka kiganja kwenye ile shingo ya chuma, akakiacha pale kidogo, akavuta mkono akauficha ndani ya kitenge. Akanipita. "Wewe mtoto," akasema, "mikono yako imekauka. Huna hata mafuta ya kupaka?"

Mwisho wa mwaka ule alisema anataka kurudi nyumbani, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata akafariki Kigoma, ghafla, mchana, akiwa anapepeta mchele. Nilikuja nikazika. Kaburi lake nimelijengea vizuri kuliko yote pale, na yeyote anaweza kwenda kuangalia. Kisha nikarudi Johannesburg kufunga karakana, kwa sababu sikuona tena namfanyia nani.

Sikutaka kumuaga Mwalimu. Nilikwenda kwa sababu msusi wa Joubert Park aliniambia kwa simu, "Usipomuaga utasemwa." Ilikuwa jioni ya mapema, mwezi wa saba 2019, jua ndio kwanza limeshuka nyuma ya paa, na sakitu ilikuwa inajikusanya tayari kwenye majani. Hakukuwa na mazoezi. Alikuwa peke yake uani ndani ya lile koti, amekonda, koti limebaki na ukubwa wake. Bomba lilikuwa nje, limefunguliwa, na kile kiti chenye mgongo kilikuwa mahali pake. Yeye alikuwa amekaa kwenye kreti.

"Injinyeri. Pole tena kwa Mama."

"Ahsante, Mwalimu. Narudi nyumbani."

"Nilisikia." Akavuta kola. "Mama yako, Mungu amupumuzishe, alinichokesha sana."

Damu ilinipanda. "Alikuchosha?"

"Sana! Bomba inakunywa baridi, siye tunangoja, nataka ninyamaze kidogo, na yeye ni weye tu. Weye tu, weye tu. Vile ulifeli mutihani ya kwanza, ukalala na njaa, ukarudia. Vile ulikuwa unasomea ndani ya frigo ya watu kwa sababu kuna taa. Iyo diploma yako mi naijua kuliko weye. Alikuwa anaisema kwa moyo, kama zaburi. Mwezi hakuujali, Injinyeri. Alikuja kuisema."

Habari ya frigo sikuwahi kumweleza mama; sijui aliipata wapi.

"Na kule kwa theluji," akaendelea, "kila mtu anafikiri aliangalia nyota. Aliweka mukono kwa shingo, akanusa vidole. Tulipopanda teksi akanisogelea kwa sikio. 'Hii grisi ni ya mtoto wangu. Nimefua nguo zake, naijua.' Akanusa njia yote mpaka Joburg."

"Mbona hakuniambia mimi?"

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mlango mmoja wa vyumba vya kupanga ukafunguka kidogo, ukafungwa.

"Nilimuuliza ile ile. Nilimuambia, Mama, mbona hamumuambie mwenyewe?" Akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na utani usoni mwake. "Akasema, 'Yule bado ana moto. Nikimsifu sasa hataona kitu, atachemka tu. Mwache akunywe baridi kwanza.'"

Akunywe. Nilijua basi kwamba hasemi uongo, kwamba yalikuwa maneno ya mama yangu kweli, kwa sababu alikuwa ameyasema kwa neno la mtu mwingine, lilelile nililolisikia kinywani mwake siku ya chai.

Watu huniambia ningepaswa kufurahi. Nafurahi. Lakini fikiria: lile neno nililolifanyia kazi tangu begi moja lilitamkwa, tena mara nyingi, tena kwa moyo kama zaburi, na sikio lililokuwa pale halikuwa langu. Mama alikaa naye kwenye baridi misimu mitatu akilimimina lote kwa mwalimu wa kwaya aliyekuwa anataka kunyamaza. Mimi nilikuwa hatua chache pembeni, nimeshika mkoba.

Nilitaka kuondoka. Nikakiangalia kile kiti. Mto wa kitenge alioushona mama ulikuwa bado juu yake, umefungwa kwa kamba kwenye mgongo usipeperuke. Nikakaa. Chuma cha kiti kilikuwa baridi mpaka mifupani. Mwalimu akaliangalia bomba, akaniangalia mimi.

"Bado," akasema.

"Najua bado. Nina diploma." Nikafunga zipu zote mbili. "Anza mwanzo. Siku ya kwanza alipokaa hapa. Alisema nini?"

Akaanza. Aliniambia yote, taratibu, kwa ile sauti yake nzuri ambayo sikuwahi kuwa nayo, na kila neno alilonipa nilimwonea wivu nalo.